Zamu ya Wendell

Wendell Stroh alikuwa msoma mita za gesi mjini Jamestown, Dakota ya Kaskazini, na zamani kazi hiyo ilikuwa kazi ya watu. Unagonga mlango, mama wa nyumba anakufungulia, anakulalamikia bili kana kwamba wewe ndiye uliyeitunga, halafu anakumiminia kahawa kwa sababu huko nje kuna baridi ya kukata masikio. Wendell hakuwa msemaji, lakini alikuwa anasemeshwa, na kwa mtu wa namna yake hilo lilitosha. Halafu kampuni ikaleta mita mpya zinazojisoma zenyewe na kutuma hesabu kwa redio. Siku hizi kazi yake ni kuendesha gari polepole mtaa baada ya mtaa, kompyuta iko kiti cha pembeni inalia ti, ti, ti, na nyumba zinampita zimefunga madirisha. Hagongi mlango wa mtu. Anaweza kuimaliza wiki nzima bila kuitwa jina lake, isipokuwa na Curtis wa ofisini, naye Curtis humwita "Stroh" kama anayemwita mbwa wa jirani.

Mtu akivunjika mguu huko kwao, utaona majirani wanapishana mlangoni na mabakuli ya chakula. Mtu akiwa mpweke, hakuna anayeleta hata kijiko. Na Wendell alikuwa mpweke, tusizungukezunguke. Mama yake alikuwa ameshazikwa, mke hakuwahi kupata, na umri ulikuwa umempita katikati huku yeye akisema mwakani, mwakani.

Alichokuwa nacho ni usukani. Kule chumba cha chini ya nyumba, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, alikuwa amefunga usukani wa mchezo, pedali na skrini pana, na kila akitoka kazini alishuka kukimbiza magari mtandaoni. Lakini kule kwenye vyumba vya wazi, anakoingia yeyote, hakuna adabu. Unagongwa kona ya kwanza, unatukaniwa mama yako kona ya pili, na aliyekutukana hutamwona tena maishani. Wendell alichoka na kugombana na watu wasio na majina. Alisikia kwamba kuna ligi za faragha, zenye kanuni na msimamizi, watu walewale wiki hadi wiki, na kwamba humo ukikosekana Jumapili moja mtu huuliza: "Jamani, fulani yuko wapi leo?"

Hilo ndilo alilolitaka. Si kombe, si sifa. Alitaka siku moja akosekane, na mtu aulize.

Akatafuta, akapata Ligi ya Wawili. Ilikuwa inakimbia kila Jumapili mchana, na msimamizi wake alikuwa Marguerite Arsenault wa Moncton, huko Kanada, mama mmoja mwenye sauti nzito iliyotulia ambaye hakuwa anaendesha mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kuhukumu nani kamgonga nani, na kuwanyamazisha watu wazima wakianza kulia kama watoto. Kanuni ya kwanza aliiandika yeye: haingii mtu peke yake. Kila gari lina madereva wawili, mmoja anaanza, mwenzake anapokea katikati. "Mtu wa peke yake akikasirika huzima mashine akaenda kulala," alikuwa ameandika. "Mwenye mwenzake huona haya."

Wendell aliyasoma maneno hayo yakamchoma, maana yalikuwa kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kesho yake akajikaza, akamwendea Curtis.

"Curtis, Jumapili huwa unafanya nini?"

"Kwani kuna nini? Kuna bomba limepasuka?"

"Hapana. Kuna ligi. Ya mbio za magari. Ya mtandaoni. Wanataka watu wawili."

Curtis akaweka kikombe chake chini. "Stroh, we mzee mzima. Unacheza gemu?"

"Basi, nilikuwa nauliza tu."

"Oya, sikieni jamani, Stroh anacheza gemu!" Na ofisi nzima ikapata cha kucheka mpaka saa ya kutoka.

Siku hiyo hiyo Wendell akarudi nyumbani, akala supu yake ya viazi na madonge ya unga, ile aliyofundishwa na mama yake, akashuka chini na kufungua akaunti ya pili. Mama yake alikuwa akitamani mtoto wa pili amwite Dwight. Mtoto wa pili hakuja, lakini jina lilibaki pale nyumbani halina mwenyewe, na Wendell alikua akilisikia. Basi akaliandika: Dwight Stroh, mdogo wake, muuza matairi, mkazi wa Fargo. Ebo! Mtu mzima anajizalia ndugu kwa vidole viwili. Lakini nani alidhurika? Ndivyo alivyojiambia.

Mpango ulikuwa rahisi. Zamu ya kwanza aendeshe yeye kama Wendell. Gari likiingia kituoni kubadilisha dereva, atoke kwenye akaunti yake haraka, aingie kwa ile ya Dwight, amalizie. Kwa kuwa kanuni zilitaka maiki iwe wazi, Dwight alihitaji sauti. Wendell alijaribu hivi na vile, mwishowe akagundua kwamba akiinua kidevu juu, akiisogeza maiki mbali kidogo, na kusema kwa haraka kupitia puani, anatokea mtu mwingine kabisa.

Raundi ya kwanza walianza nyuma ya wote, kama wageni wote. Wendell aliendesha kwa adabu.

"Wendell, uko?" Marguerite aliuliza.

"Niko."

"Huko kwenu hali ya hewa?"

"Theluji."

"Haya."

Yakaisha. Wengine walikuwa wanapiga soga, wanataniana, na yeye alikuwa anasikiliza akitafuta mahali pa kuingilia, na kila alipopaona palikuwa pameshajaa. Katikati ya mbio akaingia kituoni. Akatoka kama Wendell, akaandika neno la siri la Dwight, akalikosea, akaliandika tena, jasho linamtoka. Magari yote yakampita.

"Nyie ndugu mnafanya nini huko kituoni?" ilikuwa sauti ya Roscoe Tibbs, dereva mmoja wa Georgia, mtu wa kelele ambaye kicheko chake kilikuwa kinafika kabla yake. "Mnaagana kwa machozi?"

Wendell akainua kidevu. Na wallahi hakujua lilitoka wapi. "Kaka yangu hanipi kiti mpaka nikifute," Dwight alisema. "Kwake amani ya nyumba kwanza, ushindi baadaye. We Roscoe usiseme, nimekuona kona ile, umeipitia kwa upana kama mama mkwe anatafuta pa kuegesha."

Chumba kizima kikapasuka. Roscoe alicheka mpaka akatoka barabarani, akagonga ukuta, na akiwa ukutani bado anacheka. "Nani huyu? Jamani nani huyu? Dwight! Mwamba! Karibu sana!"

Wendell alibaki ameshika usukani. Hajawahi kuchekesha watu maishani mwake. Siku ile alilala na tabasamu.

Raundi za majaribio zikapita, wakapewa namba yao ya kudumu na gari lao likapakwa rangi ya kijani. Stroh na Stroh. Na kila Jumapili mambo yakawa yaleyale. Zamu ya Wendell ilikuwa kama ibada ya mazishi: kimya, heshima, kila mtu anangoja iishe. Marguerite peke yake ndiye aliyekuwa akimsemesha, naye alijibiwa neno moja, maana Wendell alipenda maswali yake lakini hakujua la kuongeza. Halafu ikaja zamu ya Dwight, na hewa ikabadilika.

"Mwamba kaingia!"

"Dwight, baba, wiki nzima nakungoja wewe!"

"Dwight, waambie ile ya mteja aliyerudisha matairi!"

Na Dwight aliwaambia. Alikuwa na mteja huyu, alikuwa na mke wa zamani yule, alikuwa na mbwa anayeogopa theluji. Kila kitu cha uongo, na kila kitu kilikuwa hai kuliko Wendell na gari lake la kampuni ya gesi. Kuna siku treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba wakati wa zamu ya Wendell, ikapiga honi ndefu kwenye kivuko, na Roscoe akasema, "Wendell, unalala stesheni?" Wendell akasema, "Ni treni tu." Baadaye ikapita nyingine wakati wa zamu ya Dwight. Wendell aliziba maiki kwa kiganja, amechelewa. Lakini hakuna aliyesema kitu. Dwight alikuwa katikati ya kichekesho.

Msinicheke nikisema kwamba alianza kumwonea wivu. Akiwa kazini, mita zinalia ti, ti, ti, anajikuta anawaza: huyu Dwight ana nini nisichokuwa nacho? Tumbo ni moja, ulimi ni mmoja. Kwa nini mimi nikifungua mdomo hapatoki kitu? Siku moja akajaribu kumwambia Curtis ile ya mama mkwe anayetafuta pa kuegesha. Curtis alimwuliza kama ana homa.

Msimu ukaelekea ukingoni. Siku chache kabla ya raundi ya mwisho, Roscoe akamwandikia Dwight ujumbe, akamwomba waingie chumba cha pembeni, wawili tu. Wendell akavaa hedfoni, akainua kidevu.

"Dwight, mwanangu, nitakwambia bila kuzunguka," Roscoe alisema. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Mwenzangu mke wake kajifungua, msimu ujao hayupo. Nakutaka wewe."

"Mimi nina mwenzangu."

"Najua. Kaka yako. Na kaka yako ni mtu mzuri, sikatai, sijawahi kumsikia na neno baya. Lakini bwana, tuambizane ukweli. Kuendesha na Wendell ni kama kuendesha na friji. Mnapoteza dakika nzima kituoni kila mbio. Wewe una mikono, una mdomo, kila mtu pale anakuja kwa ajili yako. Nipe sababu moja ya kubaki naye."

Dwight alifungua mdomo. Huyu ni Dwight, jamani, mtu asiyekosa neno, mtu aliyewahi kuwachekesha watu kuhusu ufagio. Sasa alikuwa anatakiwa aseme jambo moja tu la kumtetea kaka yake. Wendell alitafuta. Alitafuta kama mtu anavyopapasa mifuko yote mbele ya mlango uliofungwa. Kwamba ni mwaminifu? Kwamba hajawahi kumgonga mtu? Kwamba anapika supu nzuri? Tanuri liliwaka, likazima, na bado alikuwa hajapata.

"Unaona?" Roscoe alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko tusi. "Hata wewe huna."

"Nitafikiria," Dwight akasema.

Jumapili ya mwisho ikafika. Wendell alikuwa ameamua kwamba atapigania nafasi yake. Atasema. Zamu hii watamsikia. Wiki nzima alikuwa akijizoeza ndani ya gari la kampuni, akiziambia nyumba zilizofungwa. Mbio zikaanza, kona za mwanzo zikapita salama, na palipotokea kimya kidogo akajitosa, kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya polepole.

"Kuna mteja mmoja alirudisha matairi," alisema. "Akasema yamechoka. Nikamwambia..."

"Aa, Wendell," mtu mmoja akamkatiza, wala si kwa ubaya. "Hiyo ya Dwight."

"Mwachie mwenyewe aseme," Roscoe akaongeza. "Ataingia sasa hivi."

Wendell akakaza macho barabarani. Masikio yalimwaka moto. Kumbe hata maneno yake mwenyewe si yake. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, wanasema wahenga, lakini nani atafungua kama wote wameshakaa sebuleni kwa jirani?

"Wendell," Marguerite alisema baada ya muda. "Theluji imeisha huko?"

"Imebaki kidogo. Kwenye vivuli."

"Haya."

Akaendesha mpaka mwisho wa zamu yake. Dwight akapokea gari, watu wakapiga kelele, na wakamaliza katikati ya msururu kama kawaida yao. Walipokuwa wanapongezana Roscoe akalitoa hadharani. "Msimamizi, mimi namwomba Dwight Stroh kwa msimu ujao. Dwight, unasemaje?"

Wendell alikiona kile chumba chote kichwani mwake, ingawa hakuwahi kuona uso wa mtu hata mmoja. Aliona Jumapili mbili mbele yake. Katika moja, Dwight anakataa, anabaki na friji, na kila mtu anamhesabu Wendell kuwa ndiye jiwe lililofungwa mguuni mwa Dwight. Katika nyingine, anapendwa. Si yeye, lakini kupendwa kule kunaingia masikioni mwake.

"Kaka yangu akiniruhusu," Dwight akasema.

Na hapa ndipo ilipokuja desturi ya ligi ile. Walishawahi kuibiana madereva wakagombana vibaya, kwa hiyo Marguerite aliweka kwamba dereva hahami mpaka yule anayeachwa aseme kwa kinywa chake, mbele ya wote, neno moja: namwachia. Asiposema, hakuna kuhama. Kwa kawaida neno hilo likisemwa, wote wawili huwa chumbani. Wendell alilikumbuka hilo akiwa ameshasema.

Lakini Marguerite akasema, "Leo tufanye hivi. Dwight, toka kwanza. Wendell aje peke yake, aseme bila mtu kumshinikiza."

Dwight akatoka. Wendell akaandika neno lake la siri polepole, herufi moja moja, akaishusha maiki karibu na mdomo.

"Wendell, uko?"

"Niko."

"Umesikia linaloombwa?"

"Nimesikia."

"Unajua kanuni. Ukimwachia, gari lenu linafutwa, na wewe huna mwenzako. Nafasi yako imekwisha mpaka upate mwingine. Si lazima ukubali. Hakuna wa kukulaumu hapa. Una hakika, Wendell?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali kwa namna ile, taratibu, kana kwamba jibu lina uzito. Angeweza kusema hapana. Angeweza hata kusema yote pale pale: jamani, mimi ndiye, hakuna mwingine, vichekesho vile vyote vimetoka kichwa hiki. Wangemtimua kwa udanganyifu, nayo ni haki yao. Lakini si kutimuliwa kulikomfunga ulimi. Alihofia zaidi wasikitike kwamba Dwight hayupo. Alihofia kusikia wanamlilia Dwight huku yeye amekaa pale mzima.

"Namwachia," akasema.

"Asante kaka!" Roscoe akapiga kelele. "Wewe ni muungwana! Siku ukipita Georgia nakupa kitoweo!"

Wengine nao wakasema asante, asante Wendell, Mungu akubariki, wema wako hautapotea. Hakuwahi kusemeshwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Halafu mmoja akauliza, "Sasa Dwight anarudi lini humu?" na Wendell akazima.

Msimu mpya ulianza masika, mashamba yanalowa matope. Dwight na Roscoe walishinda mbio zao za kwanza, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kuhangaika na maneno mawili ya siri kituoni. Walishinda na za pili. Dwight alikuwa kwenye ubora wake. Watu wapya walijiunga wakiulizia chumba cha yule Dwight. Na kila Jumapili, kabla ya kuondoka, Wendell, akiwa bado ndani ya akaunti ya Dwight, alibaki kidogo akisikiliza, akingoja. Alikuwa amekosekana sasa. Gari la kijani halipo. Alingoja mtu mmoja aseme: jamani, Wendell yuko wapi siku hizi?

Jumapili ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Roscoe alikuwa anajua mpaka jina la mbwa asiyekuwepo wa Dwight, lakini hakuuliza hali ya kaka yake hata siku moja.

Jumapili moja akaingia mapema, kabla ya wenzake. Chumba kilikuwa kitupu, ni Marguerite tu, anapanga mambo yake.

"Dwight."

"Malkia," Dwight alisema, kidevu juu. "Umeamka vizuri?"

Nyuma ya nyumba, kwenye kivuko, treni ya mizigo ikapiga honi. Ndefu, halafu ndefu, halafu fupi, halafu ndefu. Safari hii Wendell hakuwahi hata kuinua kiganja.

"Treni hiyo," Marguerite alisema ilipokwisha. "Inapita na kwa kaka yako, Jamestown."

"Treni zinafanana."

"Zinafanana." Kazi ya mama huyu ilikuwa kusikiliza, na mtu wa kazi hiyo huwezi kumficha sauti. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa inapita kwenye reli. "Nimeisikia tangu mwaka jana, kwake na kwako. Siulizi kitu. Sijawahi kuuliza. Lakini ukimwona Wendell, mpe salamu zangu. Mwambie zamu yake ndiyo niliyokuwa naipenda. Nyie wote mnapiga domo mpaka sisikii magari. Yeye akishika usukani nilikuwa naweza kukaa chini nikanywa chai yangu, na nikimwuliza hali ya hewa ananiambia hali ya hewa. Mwambie nauliza yuko wapi."

Wendell alikaa mbele ya skrini, mzee mzima, machozi yanamteremka, akiwa na sauti mbili na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kutoka.

Wakaanza kuingia, mmoja mmoja, vishindo na salamu. Roscoe akaingia anaimba.

"Mwamba! Leo tunawachinja! Dwight! Uko?"

Wendell alishusha kidevu. Aliivuta maiki karibu na mdomo, pale ilipokuwa ikikaa zamani.

"Niko," alisema.

Halafu Roscoe akaangua kicheko ambacho hajawahi kukitoa, na wote wakamfuata.

"Jamani mmesikia? Wendell huyo! Wendell mtupu! Dwight, we mtu mbaya, unamwigiza kaka yako hivyo?"

"Simwigizi," Wendell alisema. "Roscoe, ni mimi. Wendell."

Wakafa kwa kicheko. Mmoja alikuwa anakohoa kwa kucheka, mwingine anaomba basi, basi, mbavu zangu. "'Ni mimi, Wendell'! Ile sauti! Ile ya friji!" Roscoe alikuwa anagonga meza. "Mungu wangu, umempata kabisa! Rudia! Dwight, nakuomba, mara moja tu, kuna watu wapya hapa hawajawahi kumsikia!"

Katikati ya kelele zile Wendell alisikiliza akitafuta sauti moja, nzito, iliyotulia. Marguerite hakuwa anacheka. Hakusema kitu.

"Rudia!" walikuwa wanapiga kelele. "Rudia! Wendell, uko?"

"Niko," Wendell akasema, na wakacheka kuliko mwanzo.